Miaka Mitano ya Mwisho Kazini: Namna ya Kustaafu Ukiwa Umejipanga

Tarehe ya kustaafu ni miongoni mwa tarehe chache ambazo mtu huzijua miaka thelathini kabla hazijafika. Mtumishi wa umma Tanzania Bara anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na akifika 60 anastaafu kwa lazima. Maprofesa na madaktari bingwa wameongezewa hadi 65. Hata hivyo wapo wengi wanaofika siku hiyo jalada likiwa na mapengo, mkopo bado unakatwa, nyumba imeishia kwenye lenta, na hawajui watafanya nini Jumatatu inayofuata.

Mwongozo huu ni wa yule aliyebakiza miaka mitano hivi. Nawalenga zaidi watumishi wa halmashauri: walimu, wauguzi, maafisa ugani, watendaji wa kata, wahasibu, madereva. Wa sekta binafsi walio NSSF watakuta mengi yanawahusu, ingawa mfuko wao ni mwingine. Ndugu zetu wa Zanzibar wana ZSSF na sheria zake, lakini habari za mwili, nyumba na siku za kukaa nyumbani ni zetu sote.

Msimamo wangu ni mmoja: anza kuishi kama mstaafu ungali na mshahara. Ukikosea hesabu leo, mshahara wa mwezi ujao utakufuta machozi. Ukikosea baada ya kustaafu, huna mwezi ujao wa namna hiyo.

Hatua ya kwanza: lisafishe jalada lako

Nenda masjala, omba kuliona jalada lako, na ulipitie karatasi kwa karatasi pamoja na afisa utumishi. Unatafuta barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo hasa ile ya mwisho, barua za uhamisho kama umewahi kuhama, na hati za mshahara. Isiyokuwepo itafute sasa. Barua ya ajira iliyoandikwa na wilaya ambayo baadaye iligawanywa kuwa mbili inaweza kukuchukua miezi kuipata, na afadhali miezi hiyo ikukute bado unalipwa.

Barua ya ajira ya kwanza ina uzito wa pekee kwa walioanza kazi kabla ya Julai 1999. Watumishi wa serikali kuu hawakuwa wakichangia kabla ya mfuko wa pensheni wa PSPF kuanza mwaka huo, kwa hiyo taarifa ya michango haionyeshi miaka yao ya mwanzo. Barua ndiyo inayosema kwamba ulikuwa kazini. Ikipotea, unatetea miaka yako kwa maneno matupu.

Kisha angalia majina. Cheti cha kidato cha nne kinasoma Hadija, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasoma Khadija, benki wameandika Hadija S. Kwako ni mtu mmoja. Kwa mfumo wa malipo ni watatu. Tofauti ndogo huweza kumalizwa kwa kiapo mbele ya wakili au mahakamani, na kubwa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Tarehe ya kuzaliwa nayo iangalie, lakini usitegemee kuibadilisha: inayotumika ni ile uliyoijaza ulipoajiriwa mara ya kwanza. Kama ulijiandikia umri mkubwa ili upate kazi, ndio umri utakaostaafu nao.

Mwisho, pitia michango yako. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ilianza kazi tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kuunganishwa PSPF, LAPF, PPF na GEPF, na katika kuunganisha kumbukumbu za mifuko minne si ajabu miezi fulani ikakosekana. Kila mwezi inapaswa kuingia asilimia 20 ya mshahara wako, 5 kutoka kwako na 15 kutoka kwa mwajiri. Kwa NSSF nayo ni 20, na kwa kawaida mnagawana nusu kwa nusu. Ukiona mwezi mtupu, andika barua kwa mwajiri na nakala kwa mfuko, usiishie kuulizia kwa mdomo. Kupata pensheni ya kila mwezi unahitaji angalau miezi 180 ya michango, yaani miaka 15.

Hatua ya pili: kipige kikokotoo mwenyewe

Habari ya kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, imesumbua vichwa tangu 2018, pale mkupuo (sehemu ya pensheni inayolipwa yote kwa pamoja unapostaafu) uliposhushwa hadi asilimia 25 na malalamiko yakawa makubwa kiasi kwamba Desemba mwaka huo Rais Magufuli aliusitisha utaratibu. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya 2024/25 serikali ikapandisha tena: waliokuwa kwenye kundi la asilimia 50 kabla ya 2018 wakafikia 40, na waliokuwa kwenye 25 wakafikia 35. Ugomvi wa vijiweni huwa ni juu ya asilimia hizo. Mtu anayejiandaa anahitaji kuujua mwendo mzima wa hesabu.

Unachukua wastani wa mshahara wako wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho. Unauzidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, unagawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni yako kamili ya mwaka.

Tuchukue mtumishi mwenye mshahara wa wastani wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka, aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Pensheni yake kamili ni shilingi 7,448,276 kwa mwaka, sawa na 620,690 kwa mwezi. Kama yuko kundi la asilimia 40, sehemu hiyo inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo: shilingi 37,241,379. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi kumi na miwili: 372,414 kila mwezi. Akiwa kundi la 35, mkupuo unakuwa 32,586,207 na pensheni ya mwezi 403,448.

Sasa itazame ile 12.5, kwa sababu ndiyo inayosema mkupuo ni kitu gani. Milioni 37 za mtumishi huyu ni ile asilimia 40 ya pensheni yake ya miaka kumi na miwili na nusu, amelipwa yote siku moja. Zigawe kwa miezi 150 utapata 248,276. Hiyo ndiyo iliyotolewa kwenye pensheni yake ya kila mwezi, na inatolewa maisha yake yote. Kwa hiyo mkupuo si bahati nasibu wala bonasi ya utumishi uliotukuka. Ni ugali wake wa miaka 12 umewekwa mezani kwa pamoja. Mtu akilielewa hilo kabla fedha haijaingia, nusu ya makosa ya mwaka wa kwanza hayafanyi.

Piga hesabu kwa namba zako, kisha nenda ofisi ya mfuko wakupe makadirio yao. Zikitofautiana, uliza mpaka ujue tofauti imetoka wapi; mara nyingi ni miezi ambayo wao hawana.

Hatua ya tatu: jaribu kuishi kwa pensheni

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Ukishajua pensheni yako itakuwa shilingi ngapi, chagua miezi mitatu mfululizo. Mshahara ukiingia, hamisha kila kilichozidi kiasi hicho kwenda akaunti nyingine ambayo huna kadi yake mkononi. Kisha ishini: vyakula, umeme, vocha, michango ya harusi na misiba, sadaka, nauli, dawa.

Andika kila kinachotoka kwenye daftari. Wengi hugundua kwamba chakula si tatizo. Tatizo ni michango na simu za ndugu. Kadi ya harusi ya shilingi 50,000 kwa mtu mwenye pensheni ya 372,414 imekula zaidi ya siku nne za mwezi wake. Ni vema ukaanza sasa kutoa 20,000 na kukaa kwenye kamati chache, watu wakuzoee hivyo ungali kazini, kuliko kushuka ghafla baadaye na kuonekana umekuwa mchoyo.

Miezi yenyewe uichague vizuri. Januari ya ada na sare iwemo. Na siku 28 za likizo yako ya mwaka ziangukie ndani ya jaribio, uzikae nyumbani bila safari, uone siku isiyo na ofisi ina urefu gani. Kama wiki ya pili umeshaanza kwenda ofisini "kusalimia", umepata taarifa muhimu kuhusu nafsi yako. Nitairudia huko mbele.

Hatua ya nne: maliza madeni

Sheria inataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi baada ya makato. Watumishi wengi wameigeuza theluthi hiyo kuwa ndiyo mshahara: mkopo ukikaribia kwisha wanauongeza, yaani wanatopapu, na umri wa miaka 58 unawakuta na deni jipya la miaka mitano. Usichukue mkopo wowote ambao marejesho yake yanavuka tarehe yako ya kustaafu. Kuanzia miaka mitatu kabla, acha kutopapu kabisa.

Mkopo wa kausha damu, ule wa mtu kushika kadi yako ya benki na namba ya siri, ni wa kuumaliza kwanza hata kama ni mdogo. Pensheni itaingia kwenye akaunti ileile, na mwenye kadi atatangulia wewe kufika kwenye mashine. Wapo wastaafu ambao pensheni yao inaliwa na mtu mwingine kwa miaka. Nenda polisi au benki ukalifunge jambo hilo ungali na nguvu za kulifuatilia.

Hatua ya tano: amua utaishi wapi, mamlaka ikiwa mikononi mwako

Jenga kabla. Nyumba ya vyumba vitatu iliyokamilika ina thamani kuliko ghorofa lililokwama, na anayehamia kwenye nyumba aliyoimaliza akiwa na miaka 57 huamka siku ya kwanza ya kustaafu akiwa kwake. Kujenga kwa mkupuo ndiko kunakoumiza wengi: bei ya nondo na saruji haikusubiri, fundi anajua una fedha, na milioni 37 zinaishia kwenye bati.

Kijijini au mjini? Kijijini kuna shamba, chakula na ndugu. Mjini kuna hospitali, wapangaji na marafiki wa kazini. Swali linalosahauliwa ni umbali wa kituo cha afya chenye daktari na dawa za presha au sukari. Ukiwa na miaka 60 unaweza kupanda bodaboda kilomita ishirini. Ukiwa na 75 unafanya nini? Na kama mwenza wako amezaliwa mkoa mwingine, usimhamishe kwenda kijijini kwenu kwa taarifa ya siku moja. Mmeishi mjini miaka thelathini, marafiki zake wako huko, jumuiya yake iko huko. Nendeni likizo mbili tatu kwanza, mkae, mwone.

Hatua ya sita: mwili

Ungali na bima ya kazini, pima kila kitu. Shinikizo la damu na sukari angalau mara moja kwa mwaka. Macho, kwa sababu mtoto wa jicho huja polepole na mtu hudhani ni miwani tu. Wanaume waulize kuhusu tezi dume. Wanawake saratani ya mlango wa kizazi na matiti. Meno yatibiwe sasa. Goti au nyonga inayosumbua isisubiri "nikistaafu nitapata muda".

Kwa utaratibu uliozoeleka wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, mchangiaji anapostaafu huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake, na watoto hutoka kwenye kadi. Tangu mwaka 2023 ipo pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, hivyo nenda ofisi ya NHIF ya mkoa mwaka mmoja kabla, uulize nini kinakuhusu na nyaraka gani zinatakiwa, na kama una mtoto anayeumwa ugonjwa wa kudumu umtafutie bima yake mapema.

Mazoezi: Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki kwa mtu mzima, pamoja na mazoezi ya misuli, na kwa waliofikia 65 linaongeza mazoezi ya kutoyumba. Nusu saa ya kutembea haraka siku tano za wiki inatimiza 150. Mwalimu aliyesimama darasani miaka 35 alikuwa akitembea bila kujua. Akikaa kwenye kochi mwili unashtuka. Jembe linahesabika. Kukaa kibarazani hakuhesabiki.

Kazi yenyewe nayo uipunguzie uzito. Mtu wa miaka 58 hana sababu ya kung'ang'ania kazi za usiku na safari za ukaguzi kila wiki ili kuonyesha bado yumo. Mwombe mkuu wako wa idara akupangie kijana umfundishe, naye abebe mbio. Ni haki yake kufundishwa, na wewe unapata jioni zako.

Hatua ya saba: anzisha shughuli ukiwa na mshahara

Shughuli ya kustaafia isianze siku ya kustaafu. Ifanye ndogo, mwenyewe, kwa misimu miwili au mitatu, ili kosa lake ligharimu laki na si milioni.

Nichukue kuku wa mayai, kwa sababu ndio wanaotajwa kila semina. Kuku huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, maana yake unalisha karibu miezi mitano bila yai hata moja. Akishaanza kutaga anakula takriban gramu 115 kwa siku. Banda la kuku 300 linamaliza kilo 34 hadi 35 kila siku. Mfuko wa kilo 50 haufiki siku mbili. Chanjo ya mdondo na gumboro haiahirishwi kwa sababu una msiba. Sasa fikiria mtu aliyesoma hesabu ya faida kwenye kundi la WhatsApp, akanunua vifaranga 1,000 kwa mkupuo, hajawahi kufuga hata 20. Ufugaji ni kazi nzuri na watu wanaishi kwayo. Anza na 50 ukiwa na miaka 56. Utajua kama pua yako inavumilia banda, nani ananunua mayai mtaani kwako, na chakula kinapandaje bei mwezi wa pili.

Kwa wa nyanda za juu, parachichi za Hass za kubebeshwa huanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Ukizipanda na miaka 55 utastaafu zinavunwa. Miti ya mbao ya paina ni urithi mzuri kwa wajukuu, ila haitakulipia bili ya umeme, maana inataka miaka 15 na zaidi. Nyumba ya kupangisha, duka la pembejeo kwa afisa ugani, masomo ya jioni kwa mwalimu, zote ni sawa kama umezijaribu.

Kinachoahidi faida kubwa kwa kulaza fedha tu, kikimbie. Upatu wa DECI uliosimamishwa na serikali mwaka 2009 uliwaliza watu wenye shahada, na kila miaka michache unarudi kwa jina jipya.

Hatua ya nane: mwaka wa mwisho

Miezi sita au zaidi kabla ya tarehe, andika barua ya kustaafu kwa mwajiri kupitia mkuu wako wa kazi. Anayestaafu kwa hiari asithubutu kuchelewa. Fuatilia fomu za mafao zijazwe na zitumwe mfuko, ubaki na nakala ya kila karatasi yenye muhuri wa kupokelewa. Akaunti ya benki iwe hai, jina lifanane na NIDA.

Dai stahiki za kufungasha mizigo na nauli ya kurudi kwenu, zilizomo kwenye kanuni za utumishi wa umma. Malipo haya hucheleweshwa na halmashauri nyingi kwa sababu ya bajeti, hivyo hakikisha jina lako limeingizwa kwenye bajeti ya mwaka huo wa fedha. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Ukistaafu Septemba, mazungumzo hayo ni ya Desemba au Januari iliyotangulia, wakati idara zinaandaa makadirio.

Kabidhi ofisi kwa maandishi: mali, funguo, mafaili, masurufu (fedha za ofisi ulizokabidhiwa kwa safari au kazi) uliyochukua na kurejesha. Masurufu yasiyorejeshwa ni deni litakalokufuata.

Hatua ya tisa: mkupuo ukiingia

Usiuguse kwa miezi sita, isipokuwa kumaliza deni lililobaki. Uweke mahali panapoingiza kidogo na panapotoka kwa hiari yako: akaunti ya muda maalumu benki, au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Siku zile simu zitaita. Atapiga mtu anayejitambulisha kuwa ni wa mfuko au Hazina, anataka namba ya siri au "gharama ya kuharakisha". Mfuko haukuombi fedha ili ukulipe fedha. Kata simu, nenda ofisini kwao kwa miguu yako.

Watapiga na watoto. Hapa pana uchungu, kwa kuwa hawa si matapeli. Mmoja anataka mtaji wa bajaji, mwingine ada ya chuo. Waite wote siku moja, mbele ya mama yao au baba yao, uwaonyeshe ile hesabu ya 12.5 kwenye karatasi. Waambie: "Wanangu, hii ndiyo pensheni yetu ya miaka kumi na miwili. Ikiisha, mtatulisha ninyi." Nimeona familia zilizotulia kabisa baada ya kikao cha namna hiyo, kwa sababu watoto walikuwa wanadhani mzazi amepata milioni 37 juu ya mshahara.

Baada ya miezi sita gawanya. Mimi ningeweka angalau nusu kwenye hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Zinauzwa kwa mnada na Benki Kuu ya Tanzania, unaingia kupitia benki au dalali wa soko la mitaji, unaanza na shilingi milioni moja, na riba inalipwa kila miezi sita. Chagua muda unaolingana na umri wako. Za miaka 20 na 25 kwa kawaida huwa na riba kubwa zaidi, na zinaweza kuuzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam kabla ya muda, ila bei ya siku hiyo ndiyo utakayopata. Faida nyingine ya hati fungani ni kwamba haikopesheki kirahisi kwa shemeji. Kinachobaki kitosheleze akiba ya dharura ya miezi sita, na kukuza ile shughuli uliyoijaribu.

Hatua ya kumi: siku zenyewe

Kwenye jaribio lako la likizo, kama ulijikuta ukienda ofisini kusalimia, jua kwamba kazi ilikuwa inakupa zaidi ya mshahara. Ilikupa saa ya kuamka, watu wa kuzungumza nao, na mahali ambapo jina lako lina maana. Aliyekuwa mkuu wa shule au mkuu wa idara huumia zaidi, kwani simu yake ilikuwa haitulii na sasa inakaa kimya hadi jioni. Kimya hicho si dharau. Watu walikuwa wanaipigia ofisi.

Panga wiki yako kabla ya kustaafu: siku mbili za shamba au mradi, siku moja ya afya na shughuli za mjini, siku moja ya jamii. Jamii ina nafasi nyingi za mtu anayejua kuandika muhtasari na kutunza hesabu: kamati ya shule, baraza la ushauri la wazee, VICOBA, SACCOS, kwaya, madrasa, msikiti. Ingia kama mjumbe wa kawaida. Ukiingia kama bosi utachokwa mwezi wa pili.

Nyumbani kuna mtu aliyekuwa na siku yake kabla hujaja kuikalia. Mama mwenye ratiba yake ya jikoni na kikundi hapendi kuulizwa saa nne asubuhi chumvi inakaa wapi na kwa nini. Kaeni mzungumze nani anafanya nini, ikiwa ni pamoja na mambo madogo ya nani anakwenda sokoni. Na kwa mama anayestaafu: watoto wataona una nafasi, watakuletea wajukuu watatu kwa mara moja. Kulea mjukuu ni furaha, kulea kutwa nzima bila kuulizwa ni ajira mpya isiyo na mshahara. Sema siku zako, na uzishikilie.

Mtu akikosa usingizi, akapoteza hamu ya kula, akaacha kutoka na akawa hafurahii chochote kwa zaidi ya wiki mbili, hiyo si uzee wala si kulogwa. Ni sonona, ina tiba, na inaanzia kituo cha afya. Pombe inayoanza saa tano asubuhi nayo ni dalili. Wazee wengi wa mtaani tuliowaita walevi walianza mwaka wa kwanza wa kustaafu.

Hatua ya kumi na moja: nyaraka za baadaye

Mfuko hufanya uhakiki wa wastaafu ili kujua aliye hai. PSSSF wana programu ya simu iitwayo PSSSF Kiganjani inayokuwezesha kujihakiki bila kusafiri. Jifunze kuitumia ungali ofisini, pamoja na kijana mmoja wa nyumbani unayemwamini. Usipojihakiki pensheni husimamishwa, na kuirudisha kunachukua muda.

Sasisha majina ya wategemezi. Wapo waliofariki huku fomu ikiwa na jina la mke waliyeachana naye mwaka 1998. Andika wosia, uuhifadhi kwa wakili, RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini) au benki, na mwenza wako ajue ulipo. Kwenye bahasha moja weka nakala za barua ya ajira, barua ya kustaafu, kitambulisho cha mstaafu, hati ya kiwanja, namba ya akaunti ya hati fungani, na cheti cha ndoa. Cheti cha ndoa kisipokuwepo, kitafuteni sasa mkiwa wawili; kukitafuta peke yake, akiwa na eda au matanga, ndiko kunakomfanya mjane akae mwaka mzima bila senti.